Haki ya Bima ya Magari: Nani Alipie Hatari ya Barabara?

Ni vitu vichache ambavyo dola humlazimisha raia avinunue. Hakuna sheria inayomlazimisha mtu kununua sukari, wala kitambaa, wala hata dawa. Lakini mwenye gari, akitaka kuliingiza barabarani, analazimishwa na sheria kununua bima. Asipoinunua, polisi wana haki ya kumsimamisha na kumtoza adhabu. Nchini Msumbiji wajibu huo uliwekwa na Sheria Namba 2 ya mwaka 2003, na kanuni zake zikatolewa mwaka 2005. Tangu hapo mvuvi wa Palma aliyeweka akiba akanunua pikapu chakavu ya kubebea samaki, na kampuni ya ujenzi yenye malori arobaini, wamesimama mbele ya sheria moja. Na kwa kuwa bidhaa yenyewe ni ya lazima, bei yake haiwezi kuwa siri baina ya muuzaji na mnunuzi. Ni jambo la umma, na umma una haki ya kuuliza bei hiyo hupangwa namna gani, nani hulipa zaidi, na kwa kosa lipi.

Kabla ya kuuliza juu ya bei, yafaa kwanza ijulikane bima hiyo ni ya nani. Madereva wengi wa pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado, kama wenzao wa Mtwara na Lindi, huizungumza kana kwamba ni kodi ya kumridhisha askari wa barabarani. Huulizana: nimelipa miaka mitano, nimepata nini? Jibu ni kwamba hakupaswa kupata kitu. Bima ya lazima haimlindi mwenye gari wala gari lake. Kule Tanzania watu huiita bima ndogo, ili kuitenga na bima kubwa ambayo hulipa hata gari la mwenyewe likiharibika, likiungua au likiibwa. Bima ndogo ni ya yule asiyekuwamo katika mkataba: mwanamke anayetembea kando ya barabara na kapu la samaki wakavu kichwani, mtoto anayevuka akitoka shule, mwendesha baiskeli aliyesukumwa mtaroni. Hao hawakutia sahihi popote, wala hawakuulizwa kama wanakubali magari yapite mbele ya nyumba zao. Sheria inamwambia mwenye gari kwamba akileta hatari katika njia ya watu wote, alete pia fedha za kuwafidia watakaoumia.

Fikira hiyo iliingia Afrika ya Mashariki kutoka Uingereza, ambako bima ya namna hiyo ililazimishwa kwa sheria ya mwaka 1930. Katikati ya miaka ya 1940 Kenya na Tanganyika zilikuwa tayari zimetungiwa sheria zao kwa mfano uleule, na sheria hizo, pamoja na marekebisho, ndizo mpaka leo msingi wa bima ya magari kaskazini ya Mto Ruvuma. Kusini ya mto mambo yalikwenda kwa mwendo mwingine. Ureno yenyewe haikulazimisha bima hiyo kwa magari yote mpaka ilipotunga sheria mwaka 1979, wakati Msumbiji ilikuwa imekwisha kujitawala kwa miaka minne. Kwa hiyo watu wa ng'ambo mbili za mto mmoja, wenye ndugu na mashamba pande zote mbili, wameishi chini ya kanuni mbili za barabara kwa zaidi ya nusu karne.

Pande zote mbili, hata hivyo, zilipita katika kipindi cha bima ya taifa. Tanzania ililitaifisha Shirika la Bima la Taifa mwaka 1967, mara baada ya Azimio la Arusha, na kulifanya mwuzaji wa pekee wa bima. Msumbiji ilitaifisha makampuni ya bima mwezi Januari 1977 na kuunda shirika moja, EMOSE. Hoja ya wakati huo ilikuwa na uzito ambao haukupotea: ikiwa dola inamlazimisha mnyonge kununua kitu, si haki faida ya ununuzi huo iende kwa wenye hisa wa Lisbon au London. Baadaye milango ikafunguliwa, Msumbiji mwanzoni mwa miaka ya 1990 na Tanzania kwa sheria ya mwaka 1996. Makampuni mengi yakaingia, na kazi ya serikali ikageuka kutoka uuzaji kuwa usimamizi. Lakini swali la bei ya haki halikuondoka pamoja na shirika la taifa. Lilibaki palepale, ila sasa linajibiwa na wengi.

Hesabu ya bima si ngumu. Ichukuliwe kwa mfano wilaya yenye magari 100. Kila mwaka ajali 5 huwaumiza watu, na kila ajali hugharimu metikali 40,000 za matibabu na fidia. Jumla ni 200,000. Gharama hiyo ikigawanywa sawasawa, kila mwenye gari atatoa metikali 2,000, kabla ya kuongeza mishahara ya ofisi, kodi na faida. Mpaka hapo hakuna ugomvi. Ugomvi huanza mtu anapofungua daftari na kugundua kwamba kati ya magari hayo 100, magari 20 ni chapa, yaani mabasi madogo na pikapu za abiria yanayokimbia tangu alfajiri hadi usiku, na kwamba chapa hizo 20 ndizo zilizosababisha ajali 4 kati ya zile 5. Sasa hesabu inaweza kupigwa kwa njia nyingine: kila chapa ilipe 8,000, na kila moja ya magari 80 yaliyobaki ilipe 500 tu.

Ipi kati ya hesabu hizo mbili ndiyo ya haki? Mwalimu mwenye gari dogo linalotoka nyumbani hadi shuleni atasema ya pili, kwa sababu katika ile ya kwanza anamlipia mwenye chapa metikali 1,500 kila mwaka bila kuombwa. Mwenye chapa atasema ya kwanza, na hoja yake haipaswi kudharauliwa. Yeye hubeba watu wasio na magari. Akitozwa 8,000 atapandisha nauli, na atakayelipa hatimaye ni mama anayekwenda hospitali. Au hatapandisha nauli. Ataacha kukata bima kabisa, atatembea bila karatasi na kumalizana na askari njiani kwa namna wanayoijua wote wawili. Hapo ndipo hesabu zote mbili huvunjika, maana gari lenye hatari kubwa kuliko yote ndilo litakalokuwa halina bima siku ya ajali.

Kwa sababu hiyo neno hatari linahitaji kupasuliwa vipande viwili, na nchi nyingi zimetumia miaka mingi kufanya hivyo. Kuna hatari inayotokana na matendo ya dereva: mwendo wa kasi, ulevi, breki zisizotazamwa, kupakia kupita kiasi. Na kuna hatari anayohesabiwa dereva kwa jinsi alivyo au mahali alipo: umri wake, kuwa mwanamume au mwanamke, mtaa anaokaa, barabara inayopita mlangoni pake. Makampuni ya bima hayapendi kutofautisha vipande hivyo. Kwao takwimu ni takwimu: kama vijana wa chini ya miaka 25 hugonga zaidi, basi kila kijana atozwe zaidi, hata yule ambaye hajawahi kugusa hata kuku. Ubishi juu ya jambo hilo umefika mbali. Katika jimbo la California, Marekani, wananchi wenyewe walipiga kura mwaka 1988 na kuamua kwamba bei ya bima ya gari itazame kwanza rekodi ya dereva, kisha maili anazokwenda kwa mwaka, kisha miaka ya uzoefu wake, ndipo mambo mengine yafuate. Na tarehe 1 Machi 2011 Mahakama ya Ulaya iliamua kwamba makampuni ya bima hayawezi tena kutoza bei tofauti kwa wanaume na wanawake. Uamuzi huo ukaanza kutumika tarehe 21 Desemba 2012. Wasichana wa Ulaya, waliokuwa wakilipa kidogo kwa sababu takwimu ziliwapendelea, walipandishiwa bei kwa jina la usawa, jambo ambalo si wote walilipokea kwa vifijo.

Mfano ulio wazi zaidi, pengine, ni wa Ufaransa. Tangu mwaka 1976 kila mwenye gari huko hupewa alama inayoanzia 1. Kila mwaka unaopita bila ajali aliyoisababisha yeye, alama hupunguzwa kwa sehemu 5 katika 100. Kila ajali ambayo kosa lote ni lake huongeza robo nzima. Alama haishuki chini ya 0.50, wala haipandi juu ya 3.50. Maana yake ni kwamba dereva mwangalifu, baada ya miaka 13 hivi, hulipa nusu ya bei ya msingi, na mharibifu aliyekubuhu huweza kulipa mara tatu na nusu. Uzuri wa utaratibu huo hauko katika tarakimu zake. Uko katika jambo moja: adhabu haimfuati mtu milele. Dereva aliyepandishwa juu ya 1 akikaa miaka miwili bila ajali hurudishwa kwenye 1. Anayelipishwa zaidi anajua ni kwa nini, na anajua afanye nini ili aondokane na mzigo huo.

Yaonekana ni busara kuuchukua utaratibu huo na kuupanda Mocímboa da Praia kesho asubuhi. Lakini utaratibu huo unasimama juu ya kumbukumbu, na kumbukumbu ndiyo kitu ambacho vita viliharibu kwanza. Mji wa Mocímboa da Praia ulishambuliwa tarehe 5 Oktoba 2017, ukatekwa mwezi Agosti 2020, ukakombolewa mwezi Agosti 2021. Palma ilishambuliwa tarehe 24 Machi 2021. Majengo ya serikali yalichomwa moto na kuporwa. Karibu watu milioni moja wa jimbo hilo walipata kuyakimbia makao yao, na wengi walikimbia bila vyeti, bila leseni, bila kadi za magari. Dereva aliyeendesha kwa miaka ishirini bila kumgusa mtu, akifika Pemba mikono mitupu, anaonekana mbele ya karani wa bima sawa na kijana aliyepata leseni jana. Kumtoza bei ya mgeni ni kumwadhibu mara ya pili kwa kosa la watu wengine.

Isitoshe, kuna swali la nani hasa ndiye dereva wa hatari. Katika nchi ambako mwenye gari ndiye anayeliendesha, jibu ni rahisi. Kwenye chapa si hivyo. Mwenye gari anakaa Pemba au Nampula. Dereva ni kijana aliyepewa ufunguo na hesabu, yaani kiasi cha fedha anachopaswa kukabidhi kila jioni. Kinachobaki baada ya hesabu na mafuta ndicho chakula cha watoto wake. Hesabu ikipandishwa, kijana hana njia isipokuwa kuongeza safari. Kuongeza safari ni kuongeza mwendo, kupunguza usingizi na kujaza watu mpaka mlango usifunge. Siku gari linapopinduka, gazeti huandika kwamba dereva alikuwa mzembe, na huenda ni kweli. Lakini hatari ilipangwa katika ile hesabu ya jioni, na bei ya bima isiyomgusa aliyeipanga haina meno. Ndiyo maana nyongeza ya ada kwa ajali nyingi ingefaa imfuate mwenye gari na magari yake yote, asiweze kuikwepa kwa kumfukuza dereva mmoja na kumwajiri mwingine.

Ng'ambo ya Ruvuma tatizo hilo limetatuliwa kwa kulikwepa. Nchini Tanzania, kwa miaka kadhaa ya karibuni, kiwango cha chini cha bima ndogo ya gari dogo la binafsi kimekuwa shilingi 100,000, ambazo pamoja na kodi ya ongezeko la thamani huwa 118,000. Magari ya abiria hulipa zaidi, kwa kufuata idadi ya viti. Lakini ndani ya kundi moja bei ni moja. Mlevi na mcha Mungu, aliyegonga mara tatu na asiyewahi kugonga, wote hutoa 118,000. Utaratibu huo una sifa zake: unaeleweka, hauna upendeleo, na karani hana nafasi ya kumbambikia mtu. Una kasoro pia, kwamba hauna la kumwambia mzembe. Adhabu yote ya uzembe imeachwa kwa polisi na mahakama.

Wapo wanaosema kwamba, kwa nchi maskini, urahisi wa bei ndio huruma iliyo bora. Hapo ndipo Kenya ina fundisho la kutisha. Kwa miaka mingi matatu, ambazo ni ndugu wa chapa, zilikuwa zikikimbilia makampuni yaliyouza bima kwa bei ya chini, na makampuni hayo yalipokea fedha za leo bila kuweka akiba ya kutosha kwa ajali za kesho. Shirika la bima la taifa la Kenya lilifilisiwa mwaka 1996. United Insurance, iliyokuwa imebeba sehemu kubwa ya bima ya matatu, iliwekwa chini ya usimamizi wa kisheria mwaka 2005. Blue Shield ikafuata mwaka 2011. Nyuma ya kila kampuni iliyoanguka walibaki maelfu ya watu wenye hukumu mkononi zisizolipika: waliokatwa miguu, wajane, watoto wa marehemu. Wenye matatu nao walijikuta wakidaiwa wao wenyewe, magari yakikamatwa na madalali wa mahakama. Bei iliyokuwa nafuu kwa mwenye gari ililipwa na aliyegongwa.

Kenya ilijaribu dawa mbili kwa karibu wakati uleule. Mwaka 2004 ilianza kutumia kanuni kali kwa matatu: mikanda kwa kila abiria, kifaa cha kuzuia mwendo usizidi kilomita 80 kwa saa, idadi maalumu ya abiria. Na mwaka 2006 ilibadili sheria na kuweka kikomo cha shilingi milioni 3 kwa kila mtu anayepaswa kulipwa na kampuni ya bima. Dawa ya kwanza ilipunguza hatari yenyewe. Ya pili ilipunguza haki ya aliyeumia ili hesabu ya kampuni ikae sawa. Hazifanani hata kidogo, ingawa zote mbili hutetewa kwa maneno yaleyale ya kuleta nafuu katika bima.

Afrika ya Kusini ilichukua njia tofauti kabisa. Tangu miaka ya 1980 fidia ya majeruhi wa barabarani huko hutoka katika mfuko mmoja wa taifa unaojazwa na tozo ya mafuta. Mwaka 2022 tozo hiyo ilikuwa senti 218 za randi kwa kila lita. Hakuna gari lisilo na bima, kwa sababu hakuna gari linalotembea bila mafuta. Anayetembea sana hulipa sana. Ni utaratibu wenye mvuto, hasa katika nchi ambayo stika huweza kughushiwa. Lakini nao umeonyesha maradhi yake: mfuko umekuwa na madeni makubwa kwa miaka mingi, na sehemu nene ya fedha zake imekwenda kwa mawakili badala ya majeruhi. Na kwa mkaazi wa Palma una dhuluma ya pekee. Gari linalopita katika mchanga na tope kati ya Mocímboa na Palma hunywa mafuta mengi zaidi kwa kila kilomita kuliko gari la lami ya Maputo. Angetozwa zaidi kwa sababu tu serikali haijamtengenezea barabara.

Kutoka hapo mazungumzo hayawezi kuukwepa ukweli wa barabara ya N380, ile inayopita Macomia kuelekea Awasse, mahali njia zinapogawanyika kwenda Mueda na Mocímboa da Praia. Kwa nyakati mbalimbali tangu mwaka 2017 barabara hiyo imepitika kwa misafara ya magari yanayolindwa na askari, na kwa nyakati nyingine haikupitika kabisa. Mwenye lori anayepeleka unga na saruji kaskazini anajua kuwa hatari yake kubwa si kugongana na gari jingine. Ni kuvamiwa na gari kuchomwa. Lakini akisoma mkataba wake wa bima, hata ile bima kubwa aliyoilipia kwa jasho, ataona sharti lililo katika mikataba ya bima karibu dunia nzima: hasara itokanayo na vita, uasi au ugaidi hailipwi. Analipa ada kwa hatari ndogo, na hatari kubwa anaibeba mwenyewe. Haya si makosa ya dereva, na wala hakuna uangalifu wa usukani unaoweza kuyaondoa.

Sharti hilo lina sababu yake. Kampuni inaweza kukisia ajali mia za barabarani, kwa kuwa haziji zote siku moja. Vita huja siku moja. Lakini kwamba makampuni hayawezi si sababu ya kuwaacha wananchi peke yao. Afrika ya Kusini, baada ya machafuko ya Soweto ya mwaka 1976 kuyafanya makampuni yakatae kubeba hatari za namna hiyo, iliunda mwaka 1979 chombo cha pekee, Sasria, ambacho kwa ada ndogo inayotozwa nchi nzima hulipa hasara za ghasia na machafuko. Nia ya serikali ya ubaguzi wa rangi iliyokiunda haikuwa njema, na haina haja ya kusifiwa. Chombo chenyewe kiliishi kuliko serikali ile. Ghasia za mwezi Julai 2021 katika KwaZulu-Natal na Gauteng zilipoleta madai ya zaidi ya randi bilioni 30, Sasria ilizidiwa, na hazina ya taifa ikaongeza fedha ili watu walipwe. Mwenye duka wa Cape Town alikuwa amechangia hasara ya mwenye duka wa Durban. Kwa Msumbiji mfano huo una maana: hatari inayoliangukia jimbo moja kwa sababu zisizo za wakaazi wake, haipaswi kuingizwa katika bei ya bima ya jimbo hilo pekee. Mwenye gari wa Maputo akichangia metikali chache, hatahisi. Mwenye lori wa Mueda akiachiwa mzigo wote, ataegesha lori, na bei ya unga itasimulia yaliyobaki.

Kuna watu wengine ambao sheria za bima huelekea kuwasahau, nao ni abiria wa malori. Kaskazini ya Cabo Delgado, basi lisipokuwapo, mtu hupanda juu ya magunia. Sheria zilizofuata mfano wa Uingereza, kule Tanzania na Kenya, hazikulazimisha bima imlinde abiria isipokuwa gari ni la kupakia abiria kwa malipo, au abiria mwenyewe yuko kazini kwa mwajiri wake. Aliyepakiwa juu ya mzigo wa lori kwa hisani au kwa nauli ya kificho hujikuta nje ya ulinzi. Uingereza yenyewe ilirekebisha jambo hilo mwaka 1972 na kuwaingiza abiria wote. Kusema kwamba abiria huyo amevunja kanuni kwa kupanda mahali pasipo pa abiria ni kweli. Lakini adhabu ya kuvunja kanuni ni faini. Si kupoteza mguu bila hata senti ya matibabu. Sheria ya haki ingemlipa aliyeumia kwanza, kisha ingemgeukia mwenye lori kumdai alichokipakia kinyume cha ruhusa.

Mwisho kuna mpaka. Tarehe 12 Mei 2010 Marais Jakaya Kikwete na Armando Guebuza walifungua Daraja la Umoja baina ya Mtambaswala na Negomano, lenye urefu wa mita 720, kutimiza fikira iliyoanzia kwa Mwalimu Nyerere na Samora Machel mwaka 1975. Daraja liliunganisha nchi mbili, ila bima haikuvuka nalo. Nchi za soko la pamoja la COMESA zina Kadi ya Njano, iliyoanza mwaka 1987, ambayo humwezesha dereva kuvuka mipaka na bima moja. Tanzania ilitoka katika COMESA mwaka 2000 lakini ikabaki katika utaratibu wa kadi hiyo. Msumbiji ilitoka mwaka 1997 na haimo katika utaratibu wenyewe. Kwa hiyo lori la Masasi lililo na kadi inayokubalika mpaka Zambia na Burundi linatakiwa kununua bima nyingine likikanyaga Negomano. Nchi za SADC, ambamo zote mbili zimo, zilikubaliana katika itifaki yao ya uchukuzi ya mwaka 1996 kuzioanisha bima hizo.

Aliyegongwa na lori hilo karibu na Nangade hana habari na COMESA wala SADC. Anachohitaji ni kujua jina la kampuni iliyouza bima, namba ya mkataba, na mahali pa kupeleka madai. Mara nyingi karatasi hiyo imo ndani ya lori, na lori limekwisha kuvuka mto. Polisi wa mpakani wakiziandika namba hizo katika daftari gari linapoingia, na daftari hilo likaruhusiwa kusomwa na jamaa wa majeruhi bila malipo, kazi hiyo haitahitaji itifaki mpya wala fedha za wafadhili. Itahitaji daftari, kalamu, na askari aliyeagizwa kuandika.